Mkono wa Tata Marcella

Harusi ya mdogo wangu nilianza kuila nikiwa bado Eldoret. Wiki mbili nzima nililala na kuamka na mukimo wa Tata Marcella kichwani: ndizi mbichi, maharage meusi ya njahi, viazi na majani ya maboga, vyote vimepondwa mpaka vikakubali kuwa kitu kimoja, na juu yake kitunguu kilichokaangwa kikaanza kuungua kidogo. Pembeni, kikombe cha uji mchachu. Mwanafunzi wangu mmoja nusura agonge nguzo ya stima kwa sababu mwalimu wake alikuwa amefumba macho akitafuna hewa.

Mimi hufundisha watu udereva. Kazi yangu ni kukaa kiti cha kushoto, mguu juu ya breki ya pili, nikiwaambia watu wazima la kufanya. Miaka kumi na minne ya kazi hiyo huharibu tabia ya mtu. Siku hizi naamrisha hata nisipoulizwa, hata nikiwa mbali kilomita mia nne, na simu imenirahisishia mambo. Kumbuka hilo, maana ndilo lililoleta haya yote.

Nilifika nyumbani Kaaga, Meru, Alhamisi, kengele ya shule ya jirani ikilia kuwafungulia watoto. Kaaga mtu hahitaji saa, kengele za shule zinatosha. Nilikuwa na furaha, sioni haya kusema. Milingoti ya hema ilikuwa imesimamishwa uwanjani, viti vya plastiki vimepangwa ukutani, na mdogo wangu Makandi alitoka mbio na nywele zimesukwa nusu akaniangukia shingoni. Jumamosi angeolewa na Mbaka, kijana mpole wa Kanja kule Embu, mkulima wa kahawa na mwalimu wa hesabu. Mchungaji angekuja kuwafungisha ndoa hapo hapo nyumbani, wageni wangekula, kisha jioni watu wa Kanja wangeondoka na bibi harusi wao.

Nilipitia jikoni kabla ya kuketi. Jiko lilikuwa baridi. Hakuna mkungu hata mmoja wa ndizi, hakuna njahi iliyolowekwa, hakuna mtu.

"Tata yuko wapi?" nikauliza. Tata kwetu ni shangazi, na huyu Marcella ni dada wa baba yetu, Ishmael. Mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa na Makandi alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Tata alihamia hapa na sufuria zake akatulea mpaka tukaota meno ya kumjibu. Ndipo akarudi kwake, ng'ambo ya mto. Hakuna harusi ya ukoo wetu iliyowahi kulika bila mkono wake.

Makandi aliniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. "Kwani Koome hajakuambia?"

Koome ni binamu yetu na mwenyekiti wa kamati ya harusi. Alikuwa nyuma ya hema, akijifanya anakaza kamba.

"Tata amekasirika," Makandi akasema. "Jumanne tulikuwa na mkutano, na watu wa Mbaka wamekuja kutoka Kanja. Koome akasoma maneno kwa simu. Ati Tata amezeeka, apumzike, wapishi wa kukodi watapika. Tata akafunga kitambaa chake, akasimama mbele ya wageni, akasema mguu wake haukanyagi hapa Saturday. Na mimi nimeapa wangu hautoki. Aliyenilea ndiye atanishika mkono anifikishe kwa gate. Kama hayuko, Mbaka arudi Kanja na pilau yake."

Maneno yale niliyajua neno kwa neno, kwa kuwa niliyaandika mimi, nikimngoja mwanafunzi anunue maji kwenye kibanda. Mwambieni Tata apumzike, amezeeka, nishapata wapishi wa mjini. Niliyaandika kwa upendo. Nilimwonea huruma, magoti yake, moshi machoni. Wala haikunipitia akilini kumpigia yeye mwenyewe simu.

Nilimfuata Koome nyuma ya hema.

"Sikutaja jina lako," akaninong'oneza. "Nilisema ni kamati imeonelea. Huo msalaba nimekubebea, lakini wewe ndio utautua, dadangu. Tata akiniona barabarani anavuka upande ule mwingine."

Jioni ile nilivuka daraja la miti kwenda kwa Tata, nimejaa ujasiri. Nilijua nitamaliza mambo kwa dakika kumi. Tata alinikumbatia, akanipapasa mashavu kuona kama nimekonda, akanimiminia uji mchachu kutoka kwenye kibuyu. Mnywe mpate kujua ninachosema: uchachu unashika kwanza nyuma ya taya, kisha utamu wa mtama unakuja taratibu. Nilikunywa vikombe viwili, machozi yakinilengalenga. Nilikuwa nimefika nyumbani.

"Tata, kuhusu Jumamosi," nikaanza.

"Kunywa uji."

"Makandi anasema hataondoka kama..."

"Mwendwa, mwanangu. Wewe umetoka mbali, huna makosa. Yule aliyesema nimezeeka mbele ya watu wa Kanja, huyo ndiye nataka kumwona na macho yangu. Sasa kunywa uji."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo niliufungua, nikautia uji. Nikarudi nyumbani tumbo limejaa na roho imenywea.

Baba, ambaye ni mtu wa maneno machache, alinisikiliza akila chapati baridi. "Marcella akishasema hasemi mara mbili," akasema. "Hapo ni gichiaro tu. Nenda kwa Mithika."

Kwa wasiotoka kwetu, nieleze. Ukoo wetu na ukoo wa Mithika ni gichiaro. Wazee wa zamani walikula kiapo cha undugu, na tangu hapo watu wa koo hizi mbili hawaoani, hawadhuriani, hawanyimani kitu na hawadanganyani. Gichiaro wako akikuomba, unatoa. Akikukataza, unaacha. Ukimkaidi au ukimdanganya, mambo yako yanaharibika. Meru utakutana na watu wa digrii na wazee wa kanisa watakaocheka ukiwauliza kama wanaamini hayo, lakini sijamwona anayejaribu.

Mzee Mithika ni fundi viatu mjini, karibu na soko. Ijumaa asubuhi nilimkuta ameinama juu ya kiatu cha kike cha kahawia, akishona soli kwa uzi wa nta. Nilimweleza shida. Alicheka mpaka akaweka sindano chini.

"Hiyo ni kazi ndogo. Nitamwambia, Marcella, kuja harusi, na atakuja. Hata akitaka kukataa, ulimi hautamruhusu." Akashika sindano tena. "Lakini niambie kwanza. Nani alimwambia apumzike?"

"Kamati," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, laini kabisa. Nilipolisikia likiwa nje ndipo nilipokumbuka niliyekuwa nikizungumza naye. Mzee alinitazama juu ya miwani, akakata uzi kwa meno, akakifunga kiatu na mwenzake kwenye gazeti. "Hivi ni vyake, Marcella," akasema. "Aliviacha Jumatano. Alisema nimalize kabla ya Jumamosi. Tutampelekea." Sikuyatia maanani. Nilikuwa nahesabu dhambi zangu.

Gari langu nilikuwa nimeliacha nyumbani likapambwe maua, kwa hiyo tulipanda tuktuk. Ikazima mteremkoni. Dereva akaipiga teke, ikawaka, ikazima tena. Tulishuka tukatembea, na mvua ambayo haikuwa imeonekana angani ikatushukia pale pale. Karibu na daraja kisigino cha kiatu changu kilichomoka, nikiwa na fundi viatu ubavuni.

"Ajabu," akasema Mzee Mithika, akikiokota. Akakitia mfukoni.

Tata alituona kutoka dirishani, na hapo nikaelewa kwamba dada yake baba hachezewi. Hakutungoja tubishe hodi. Alifungua mlango akasimama kizingitini, kidole juu.

"Mithika, ndugu yangu wa gichiaro, karibu sana. Kabla hujafungua mdomo, nakuomba kitu kimoja. Leo na kesho usinitajie harusi. Usiitaje kabisa."

Mzee alibaki mdomo wazi. Gichiaro ni njia ya pande mbili, na mwenye kuomba kwanza ndiye aliyeomba. Aliufunga mdomo, akaingia, akaketi, akampa viatu vyake. Tukakaa watatu. Paa lilikuwa linavuja tone moja moja kwenye beseni. Nilimwazia Makandi amekaa na nguo yake nyeupe, hataki kuinuka, na gari la Mbaka linarudi Kanja tupu. Nikaona sasa nimekwama, na breki ninayo mimi mwenyewe.

"Mzee," nikasema, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Nilikudanganya asubuhi. Si kamati. Ni mimi. Mimi ndiye niliandika Tata amezeeka apumzike. Koome alisoma tu."

Nilisema nikimtazama Mithika, kwa kuwa upande wa pili sikuthubutu. Tone likaanguka kwenye beseni. Tata alikuwa ameshika viatu vyake kifuani.

"Wewe," akasema.

"Ndiyo, Tata."

"Nimekupikia tangu uko na miaka tisa. Ulikosa simu ya kunipigia?"

Nililia, na sikulia kidogo. Tata alinitazama nikilia kwa muda mrefu bila kunyoosha mkono, na kwa mtu kama yeye, hiyo ni adhabu kubwa.

Mzee Mithika alikohoa. "Marcella, umenikataza kutaja jambo fulani, na sitalitaja. Lakini mimi nina njaa."

"Uji uko."

"Si njaa ya leo. Ni njaa ya kesho, saa saba mchana. Nakuomba mukimo, wa mkono wako mwenyewe. Na unajua mimi sipendi kula peke yangu. Nitakuwa na watu kama mia tatu hivi."

Tata alimkazia macho. "Na utakuwa umekaa wapi?"

"Kwa Ishmael. Chini ya hema."

"Ishmael ana hema?"

"Nasikia."

Kona ya mdomo wa Tata ilichezacheza, akaikaza. Hakuweza kukataa, na alijua tunajua. Aliviweka viatu chini ya kitanda, akafunga leso kiunoni, akanigeukia. "Chakula kitaenda. Mimi siendi. Na wewe, kalete ndizi, na usiniletee zile zimelala sokoni. Wewe ndio utamenya na wewe ndio utaponda. Mimi nimezeeka."

Nilirukaruka nikishuka kwenda shambani, kisigino kimoja na yote. Mukimo ungekuwepo. Tata je? Hilo sikulijua, lakini mtu anayewasha moto si sawa na mtu aliyefunga mlango.

Nilimenya mikungu saba. Nilisahau kujipaka mafuta mikononi kabla ya kuanza, na Tata aliona, akanyamaza. Utomvu wa ndizi mbichi haukujui wala hauogopi sabuni. Jioni mikono yangu ilikuwa myeusi hadi vifundoni, na ndiyo mikono niliyoenda nayo harusini. Jumamosi alfajiri tuliteleka njahi, kisha viazi na ndizi, kisha majani. Tata alikaa kwenye kigoda akitoa amri. Punguza moto. Ongeza maji, si hayo, ya moto. Ponda kutoka pembeni. Niliponda mpaka mabega yakawaka. Kila nikitaka kuonja alinipiga mkono kwa mwiko.

"Chumvi ishatiwa?" nikauliza wakati fulani.

"Hiyo ni kazi yangu. Ponda."

Saa sita Koome alileta pikapu, akapakia sufuria mbili ambazo mtu mzima angeweza kuogea ndani yake. Tata alisimama mlangoni na nguo yake ya moshi. "Mpelekee Mithika. Mimi nabaki kuosha vyombo."

Nilimbembeleza. Alinigeuzia mgongo.

Hema lilikuwa limejaa. Upande wa Kanja walikuwa wamekuja na mabasi mawili, akina mama wamevaa sare ya zambarau, wanaimba, wetu wanawajibu, vumbi linatimka. Ndoa ilifungwa. Makandi alisema ndiyo kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, kisha akaketi na kumwambia Mbaka waziwazi kwamba ameolewa sawa, lakini kutoka getini ni jambo jingine. Mbaka aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshaanza kuwa mume.

Wapishi wa mjini walipanga pilau yao. Sisi tukaweka sufuria zetu kando, na kabla ya yeyote kuanza kula, nilimpelekea Mzee Mithika sahani yake. Alikuwa ameketi mstari wa mbele, miguu ameinyoosha. Akachota kwa vidole, akatafuna. Akatafuna tena. Kelele zikapungua, kwa sababu wazee wetu walikuwa wanamtazama yeye, na wageni wakawatazama wazee wetu.

Akarudisha sahani.

"Huu si mkono wa Marcella," akasema, na alijua kupaza sauti. "Umepondwa na mtu mwenye haraka. Na hauna chumvi hata punje. Mimi niliomba mkono wa Marcella. Sijapewa."

Ulizuka mnong'ono. Mama mmoja wa Kanja akamuuliza jirani yake kuna nini, na jirani akamnong'oneza neno gichiaro. Mama yule akaweka sahani yake chini haraka. Mstari mzima ukafanya hivyo hivyo. Watu mia tatu, na hakuna aliyeweza kula kabla ya fundi viatu. Koome alinitazama mimi. Makandi alinitazama mimi.

Nilikimbia. Gauni nililikunja mkononi, viatu nikavitupa, nikavuka daraja peku. Njiani nilikuwa nikitunga maneno ya kumbembeleza, nikaona yote ni ya kipuuzi. Nilisukuma mlango bila hodi.

Tata alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa amevaa gauni la buluu, kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi, na viatu vya kahawia vilivyoshonwa soli upya. Mkoba ulikuwa magotini. Vyombo vilikuwa havijaguswa.

"Mbona umechelewa?" akasema. "Nimekungoja tangu saa sita na nusu."

Nilishika fremu ya mlango. "Tata, chumvi..."

Alifungua mkoba, akanionyesha pakiti ya chumvi, nzima, haijafunguliwa. Akaufunga.

"Niliapa mbele ya watu," akasema. "Sikuweza kuja tu hivi hivi kama mtu asiye na neno. Ilibidi niitwe. Na ilibidi anayeniita awe ni yule aliyenifukuza."

Nilipiga magoti. "Nisamehe, Tata."

"Hilo ungeanza nalo Alhamisi. Inuka, chakula kinapoa."

Tulipotokea getini, akina mama wa kwetu walipiga vigelegele, na wale wa zambarau wakavipokea bila kujua sababu. Makandi aliacha kiti chake cha bibi harusi akaja mbio, na nguo ikakanyagwa, na hakujali. Tata alimshika mashavu, akamrudisha kwa mumewe, akaomba maji ya moto. Aliyeyusha chumvi, akaimimina, akakunja mikono ya gauni la buluu akaugeuza mukimo kutoka chini, taratibu, akinusa. Kisha akampakulia Mithika mwenyewe.

Mzee alionja. "Huu ndio," akasema, na hema zima likapumua.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya sufuria na upawa mkononi, tayari kuwapanga watu foleni, kina mama mbele, watoto kando, wewe sogea huku. Tata akaniondolea upawa. Aliwageukia wageni wa Kanja, wale wale wa Jumanne, akaniwekea mkono begani.

"Huyu ni Mwendwa, binti yangu mkubwa," akawaambia. "Ndiye amewapondea. Wiki hii amefanya kazi nyingi sana, mpaka za watu wengine." Kisha akanitazama, na macho yake yalikuwa yanacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Umechoka, mwanangu. Kaa chini, pumzika."

Koome alipaliwa na soda. Nikaketi mbele ya watu mia tatu, mikono yangu myeusi magotini, na sikuinuka mpaka Tata aliponiletea sahani kwa mkono wake mwenyewe.